Naona Mkono Pale Nyuma

Mvua ya Nairobi haina adabu. Ilimkuta Kibe katikati ya Moi Avenue saa saba mchana, ndani ya shati jipya la njano, na mlango wa karibu uliokuwa wazi ulikuwa wa ukumbi wa ibada ya mchana. Akaingia. Hakuwa na ugomvi na Mungu. Alitaka tu shati lisilowe.

Ndani, Pasta Tobias alikuwa amepamba moto, leso mkononi, jasho likimtiririka.

"Dhambi haiendi lunch!" alinguruma. "Fumbeni macho, wote! Aliye tayari kutubu ainue mkono. Hakuna anayekuangalia!"

Makarani na mawakili wakafumba. Kibe hakufumba, kwa sababu pale mbele alisimama msichana wa suti ya zambarau na viatu vya kisigino, nywele zimesukwa zikafungwa nyuma, mrembo hadi inaudhi. Naye alikuwa amefumbua macho, maana kazi yake ilikuwa kuwapokea waliotubu. Wakatazamana. Kibe akatabasamu, akampungia mkono kidogo.

"Naona mkono!" Pasta akapaza sauti. "Naona mkono wa ndugu pale nyuma, shati la njano! Njoo, usiogope!"

Wewe ungefanyaje? Watu walishaanza kupiga makofi. Kibe akaenda. Yule msichana, Mwelu kwa jina, akamwombea, kisha akachukua namba yake ya simu.

"Ndugu Kibe, nitakuwa nakupigia kukufuatilia."

"Nifuatilie tu. Hata sitakimbia."

"Kiroho, ndugu."

"Hata kiroho."

Mwelu alikuwa karani wa benki kule Upper Hill, Kibe fundi wa umeme. Simu za mwanzo zilikuwa fupi. Baadaye zikaanza kurefuka.

"Umesoma Yohana tatu?"

"Nimesoma. Huyu Nikodemo alienda usiku kwa nini? Alikuwa anaogopa mamake?"

"Kibe, hauko siriasi!"

"Niko siriasi, mpenzi. Nieleze tena, polepole."

"Mpenzi ni nani? Mimi ni dada yako kwa Bwana."

"Sawa, dada mpenzi."

Mwelu alikuwa akikata simu ili acheke vizuri. Ikafika wakati wanakunywa chai pamoja kila baada ya ibada, na Kibe, ajabu ya maajabu, akajikuta anaomba hata akiwa peke yake. Ila ule mkono ulimsumbua. Mwelu alikuwa ameshatangaza kwao mtaa wa Satellite, katika kanisa ambalo Pasta Tobias alihudumu Jumapili, kwamba Kibe ndiye roho ya kwanza aliyomletea Bwana. Naye Kibe akaitwa kutoa ushuhuda.

Alifika amevaa tai ya kuazima. Mama yake Mwelu alikuwa benchi la mbele, kofia kubwa kichwani.

"Bwana asifiwe!" Kibe alianza. "Wapendwa, siwezi kuwadanganya. Ule mkono wa siku ile, sikuwa natubu. Nilikuwa nampungia Mwelu."

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Wazee wa kanisa wakainama kama wanaotafuta kitu chini ya benchi. Mwelu akachukua mkoba wake, akatoka.

Baada ya ibada Kibe alimkuta langoni.

"Mwelu, mpenzi, nisikize..."

"Usiniite mpenzi! Nimesimama mbele ya watu nikasema wewe ni tunda langu, kumbe unanichezea! Muongo mkubwa! Tafuta mwingine wa kupungia."

Tangu hapo akipigiwa anakata. Alimpenda Kibe, na hilo ndilo lililomchoma. Mtu aliyeweza kumchezea Mungu, angeshindwaje kumchezea yeye?

Ikaja Jumapili ya Meza ya Bwana. Pasta Tobias, kama kawaida yake, akasimama mbele ya mkate na kikombe.

"Mwenye kinyongo asiguse kikombe hiki. Toka sasa hivi ukapatane. Sisi tutakungoja."

Na kweli kanisa hilo lilikuwa linangoja. Mwelu akajifanya hasikii. Mama yake akamtia kiwiko.

"Wewe, toka."

"Mama, ni yeye alinikosea."

"Ulitoka kabla hajamaliza. Tulipoacha kucheka alisema, 'Lakini leo natubu, na leo simpungii mtu.' Alikuwa analia, Mwelu. Pasta akamwombea hapo hapo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikiza? Nikimtaja tu, unaanza kugonganisha sufuria. Chukua simu yangu, namba yake imo, uende. Na ufanye haraka, nimeacha sufuria ya muthokoi kwa jiko."

Mwelu akatoka nje, akapiga.

"Bwana asifiwe, mama," Kibe alinong'ona.

"Si mama. Ni mimi. Mbona unanong'ona?"

"Niko kanisani, huku Karen kwa matajiri. Nilihama ndio usiwe unaaibika ukiniona. Huku wanaimba kama wanaogopa kuamsha mtoto."

Mwelu alicheka bila kutaka.

"Toka nje, Kibe. Mimi ndio nataka kutubu."

"Wewe?"

"Sisi wahudumu tuko na sheria. Ndugu anapokelewa na ndugu, dada na dada. Siku ile mhudumu mwenzangu, Makau, alikuwa ameshaanza kukuja kwako. Nikamkanyaga, nikampita."

"Ngoja. Ulimkanyaga Makau?"

"Na kisigino. Alichechemea wiki nzima."

"Kumbe ningefuatiliwa na Makau!"

"Nilikuita muongo, na mimi nilikuwa... Nisamehe. Nilikupenda hata kabla sijakuombea."

"Nilishakusamehe kitambo, mpenzi. Na wewe unisamehe. Sasa niambie, Jumamosi nije kwenu na wazee wangu, ama nibaki huku nijifunze kuimba polepole?"

"Kuja," Mwelu alisema, machozi yakimtoka. "Kuja, Kibe."

Aliporudi ndani, kanisa zima liligeuka kumtazama.

"Dada Mwelu," Pasta akauliza, "mmepatana?"

"Tumepatana, Pasta. Tena tumepitiliza kidogo. Anakuja kuniposa Jumamosi."

Vigelegele vikapasua mabati. Mama akavua kofia, akaipunga juu. Pasta akacheka hadi akalazimika kushika meza, kisha akainua kikombe.

"Njoo basi, dada."

Mwelu hakusogea. Alikuwa anaangalia benchi la wahudumu.

"Pasta, naomba mningoje tena kidogo," alisema. "Bado sijapatana na ndugu Makau."