Amani Ukutani kwa Wouter Ploos

Haya yalimkuta kaka yangu Evert, mchoraji hapa Haarlem, na mimi nilikuwepo. Atakayesema natunga, shauri yake. Ilikuwa kiangazi kile vita na Wahispania vilipokwisha, kengele zinalia kila kona, na kila tajiri anataka picha ya Amani ukutani kwake. Bwana Wouter Ploos, mfanyabiashara wa baruti, naye akaagiza yake.

Picha hizo zote ni mtindo mmoja: Amani ni mwanamke, mkono huu ana tawi la mzeituni, mkono ule ana mwenge wa kuchomea lundo la silaha. Wouter hakutosheka.

"Nichore na mimi humo, nimepiga magoti, ananipa tawi," alisema. "Watu waone mimi ni mtu wa amani." Alikuwa anautaka umeya, bwana yule, usiku na mchana.

Aliyekaa achorwe kama Amani ni jirani yetu Aechje, mjane wa askari. Mumewe aliuawa kwa baruti ambayo Wouter huyohuyo aliwauzia Wahispania kwa siri. Mji mzima ulijua, mji mzima ukafyata mkia. Aechje alipoona ni nani amechorwa miguuni pake, hakulia. Alimnong'oneza kaka, "Macho yangu usiyageuze, Evert. Nataka nimwangalie." Wiki ileile homa ikamchukua.

Picha ikatundikwa sebuleni kwa Wouter. Haukupita muda akatuita, mchana kweupe, jasho linamtiririka.

"We mchoraji, nani kakuruhusu kuchezea picha yangu?"

Tukaangalia. Mwenge ulikuwa umehama. Haukuwa tena kwenye silaha. Ulikuwa umeinamia kola ya lesi ya Wouter yule wa pichani.

"Sijaigusa, bwana," kaka alisema kwa sauti ndogo.

"Ukwangue! Na uso huo ukwangue!"

Kaka akatoa kisu. Nikamshika mkono. "Kaka, acha," nilinong'ona. "Yake ayamalize mwenyewe."

Wouter akacheka, akampokonya kisu. "Mwanamke wa kuchorwa atanifanya nini?" Akakwangua jicho. Jicho likabaki. Akakwangua tena. Likapepesa.

Nikasikia harufu ya nywele zinazoungua. Moto haukuwepo popote. Wouter akashika shingo. Akaanguka kwa magoti.

"Nisamehe, mama," alinong'ona.

Hakupewa tawi.

Walipomvua kola, lesi ilikuwa nyeupe pe. Shingo iliyokuwa chini yake ilikuwa mkaa mtupu. Nilimhurumia? Hata chembe, Mungu anisamehe.

Kwenye picha, mahali alipokuwa amepiga magoti, imebaki turubai tupu. Na sakafuni, mbele ya ukuta ule, pana alama mbili nyeusi za magoti. Mjane wake huwasugulisha watumishi kila Jumamosi, kwa sabuni na mchanga, mpaka marumaru inang'aa. Jumapili wakirudi kutoka kanisani alama zipo, zina joto, na zimesogea tena karibu na miguu ya yule mwanamke wa pichani.