Maziwa ya Saa Kumi na Mbili

Nyumbani wananiita Kiherehere, na sikatai. Kila asubuhi kabla ya shule mimi ndiye ninayechemsha maziwa na kumlisha mdogo wangu, wakati mama anajiandaa kwenda kazini. Mdogo wangu ana miezi kumi na mmoja. Kwa mashavu aliyo nayo tunamwita Bonge. Akisikia tu kijiko kinagonga kikombe, anapiga makofi na kurusha miguu.

Asubuhi hiyo hakutakiwa kusikia kijiko. Bonge alikuwa na ngiri, uvimbe kwenye kinena uliotokeza kila alipolia, na siku hiyo saa tatu angefanyiwa upasuaji. Daktari wa usingizi, yaani yule anayewalaza wagonjwa kwa dawa ili wasisikie kisu, alikuwa amempa mama maagizo: chakula mwisho saa nne usiku, kunyonya mwisho saa kumi alfajiri, na baada ya hapo maji matupu kidogo tu. Mama aliyarudia maagizo hayo mpaka nikayajua kwa moyo.

Saa kumi na mbili mama akaingia kuoga. Bonge akaanza kulia. Nikampa maji, akayatema. Nikamwimbia, akazidi. Akakiona kikombe changu cha maziwa mezani, akakinyooshea mikono yote miwili huku machozi yanamtiririka. Jamani, roho iliniuma! Mtoto anapelekwa kukatwa, halafu aende na njaa? Nikaloweka biskuti mbili kwenye maziwa yangu na kumlisha. Alikula mpaka akalamba kijiko. Nikampangusa mdomo, nikasuuza kikombe chapuchapu.

"Mbona amenyamaza?" mama aliuliza alipotoka.

"Nimembembeleza," nikasema.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Pembeni yetu alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, naye anasubiri kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Alipojua tatizo la Bonge alifurahi kana kwamba amekutana na ndugu yake aliyepotea.

"Mwenzangu huyu!" akasema, akamshika kidole. "Yeye anaanza maisha na ngiri, mimi namalizia nayo."

Akacheka. Meno yake yalikuwa meupe, yamepangika sawasawa, hakuna hata pengo moja.

Daktari wa usingizi akatoka na karatasi zake. Alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya taratibu. Akaanza na mzee. Moyo? Dawa za presha? Pumzi ikoje akipanda ngazi?

"Una jino linalocheza, babu, au meno ya bandia?"

"Mimi? Haya nimezaliwa nayo!"

"Hata huyu mwenzako hakuzaliwa na meno," daktari akatania, akaandika. "Haya, tutaangalia vizuri ndani." Akamgeukia mama. "Na mtoto? Mara ya mwisho ametia nini tumboni?"

"Amenyonya saa kumi. Tangu hapo hajaonja kitu," mama akajibu bila wasiwasi wowote. Alisema alichokijua.

Nikauliza kama vile nauliza tu, "Kwani mtu akila kuna nini?"

"Dawa ya usingizi inalaza kila kitu, hata koo. Kilichoko tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu," daktari akasema. "Kwa yeyote ni hatari. Sasa mtoto kama huyu, njia yake ya hewa ni nyembamba kama mrija wa soda. Pumzi ikikwama kidogo tu, hana akiba. Watoto wachanga na wazee ndio wanaonitoa jasho kuliko wote."

Akaingia ndani. Mimi nikawa sikaliki. Nilisimama, nikakaa. Nilikwenda msalani mara mbili bila haja. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Biskuti mbili tu, nilijiambia, biskuti mbili ni nini? Lakini nikimwangalia Bonge naona ule mrija wa soda. Na nikisema, mama atanionaje?

"Mjukuu, una siafu?" mzee akauliza.

Kabla sijamjibu, mlango ukafunguka. Muuguzi akamfunga Bonge ndani ya blanketi zito. Alisema watoto wadogo hupoteza joto haraka. Mama akambusu, akamkabidhi. Bonge akaniangalia mimi juu ya bega la muuguzi. Mlango ukaanza kujifunga.

"Msimlaze!" nilipiga kelele. "Amekula! Nimempa maziwa na biskuti mimi!"

Mama aligeuka. Sijawahi kumwona mama na uso ule. Mimi nikaangua kilio palepale.

Daktari akatoka mbio, akachuchumaa mbele yangu. "Nitazame. Biskuti ngapi? Saa ngapi?"

"Mbili. Na nusu kikombe. Saa kumi na mbili."

"Sawa. Sasa tunajua," akasema. "Hafanyiwi saa hii. Tunasubiri mpaka saa saba mchana. Ataruhusiwa maji kidogo kidogo mpaka nitakaposema basi."

Halafu nikasikia mzee anakohoa.

"Daktari," akasema, "na mimi nina langu." Akageukia ukutani, akaingiza vidole mdomoni, akatoa meno yote ya juu. Mashavu yakabonyea. "Hata mkwe wangu hajui. Niliona haya kulazwa kibogoyo mbele za watu."

"Babu! Ukiwa usingizini yangeteleza yakakuziba koo!"

"Ndiyo nimesikia. Katoto kamesema kake, mimi na mvi zangu ninyamaze?"

Basi mzee akaingia kwanza, na meno yake yakabaki kwenye kikopo. Mimi nikabaki na Bonge na njaa yake. Mama hakunigombeza. Alinipa mtoto tu, akasema, "Mbembeleze sasa." Nilizunguka naye ukumbi ule mpaka mgongo ukakataa. Alilia, akanivuta nywele, akalala dakika kumi, akaamka kulia upya. Kila kilio nilijua ni changu.

Mzee alichelewa kuamka. Daktari alikaa kando ya kitanda chake muda mrefu, kwa sababu wazee, alisema, dawa haiwatoki mwilini upesi, na wakiamka wengine huchanganyikiwa. Kweli, kitu cha kwanza mzee alichouliza ni nani amemwibia meno.

Saa saba wakamchukua Bonge. Sikukaa hata dakika moja. Ilipokaribia saa nane, mlangoni nikasikia kilio ninachokijua, cha hasira na njaa. Mama akanikumbatia kwa nguvu, naye akalia.

Daktari alituletea Bonge mwenyewe. "Ulimpenda, ndiyo maana ukamlisha," akaniambia. "Lakini mapenzi yasiyouliza yanaweza kuua. Na uongo uliofuata ungekuwa mbaya kuliko biskuti. Ukikosea, useme mapema, hata kama unaogopa. Mimi naweza kutibu kosa ninalolijua."

"Nisamehe, mama," nikasema.

Mama alinifuta machozi kwa ncha ya kanga yake. Akamnyonyesha Bonge kidogo kama muuguzi alivyomwelekeza, kisha akafungua mkoba. Alikuwa amebeba chupa ya maziwa, kijiko na kikombe. Akanikabidhi mimi.

Kijiko kikagonga kikombe. Bonge, macho bado mazito, akanyoosha mikono. Mkono wangu ukaenda wenyewe, kama kawaida yangu. Nikausimamisha.

"Daktari," nikauliza, "saa hizi anaruhusiwa?"