Mbuzi wa Mjomba Kaimenyi

Kila asubuhi Winrose alikamua mbuzi wao wa maziwa. Mama yake, Lenah, alipika chai. Kisha Winrose alikaa kusubiri simu ya mjomba wake Kaimenyi, aliyeahidi kumtafutia kazi.

Winrose alikuwa fundi wa friji, mwenye cheti cha chuo. Mjomba alifanya kazi katika ofisi ya serikali, Meru mjini. Kila Desemba alikuja nyumbani akachinjiwa mbuzi. Alikula mbavu, akapangusa mdomo na kusema, "Hiyo maneno ya Winrose, nitaona." Mwaka uliisha akiwa bado anaona. Sasa zizi lilibaki na mbuzi mmoja tu.

"Mjomba wako anakuja Jumamosi," Lenah alisema. "Tutachinja huyu."

"Na chai tutakunywa na nini, Mama?"

"Ukipata kazi utanunua maziwa. Siku hizi bila mtu wako ndani, huingii."

Jirani yao Mugendi alikuwa amewaletea ndizi. Kabla ya kustaafu, kazi yake ilikuwa kuajiri watu.

"Mama Winrose," aliuliza, "marehemu Kaburu aliingia kiwanda cha chai kwa mbuzi wa nani?"

Lenah alimwona tena mume wake Kaburu kwenye ukungu wa asubuhi, kikapu mgongoni, akiimba wimbo wa kanisani. Moyo wake ukajaa.

"Hakukuwa na mbuzi," alisema polepole. "Karani wa kituo cha kupimia majani chai aliona majani yake kila siku. Majani mawili na chipukizi, hakuna takataka. Kiwanda kilipotaka watu, karani akamtaja. Hata hawakuwa ukoo mmoja. Aki namkumbuka mzee wangu."

"Kujuana kwa namna hiyo kunasaidia," Mugendi alisema. "Watu wakiona kazi yako, watakutaja. Lakini kazi ya umma hutangazwa. Anayetaka kitu ili akuingize anavunja sheria, na anayempa pia. Kaimenyi akiingiza mtu wake, mtoto wa mwingine aliyefaulu anarudi nyumbani. Kesho ni huyu wako."

"Sasa nianzie wapi?" Winrose aliuliza.

"Nenda Makutano, kule kwenye maduka. Tengeneza friji za wenye bucha. Uwaombe wakubali kupigiwa simu na waajiri kukuhusu. Na usome matangazo."

Mbuzi akapona. Jumamosi mjomba alikula mukimo wa viazi na mahindi, akaondoka mapema.

Haikuwa rahisi. Kuna wiki ambazo Winrose hakupata friji hata moja. Aliomba kazi huku na kule akakosa. Kisha chama cha wafugaji kikatangaza nafasi ya fundi wa mitambo ya kupoza maziwa. Walimpa mtambo mbovu, akautengeneza mbele yao. Wakampigia simu mwenye bucha mmoja.

"Tangu aje, nyama yangu haijaharibika," mwenye bucha alijibu. "Mkimwacha, shauri yenu."

Desemba ilipofika tena, Kaimenyi alirudi. Winrose alikuwa ameajiriwa tayari.

"Winrose, si uniwekee kijana wangu hapo kwenu?" aliomba. "Wewe ni mtu wetu."

"Anko, tangazo liko getini. Mwambie aje aonyeshe kile anajua."

Kaimenyi alimgeukia dada yake amsaidie. Lenah alikuwa akimimina chai yenye maziwa mengi katika kikombe cha marehemu Kaburu. Alimpa kwa mikono miwili.

"Kunywa, ndugu yangu," alisema. "Mwenye kikombe hiki angekujibu hivyo hivyo."