Biri Iliyofungwa kwa Ulimi

Alikuwa akifua sare za shule, povu limemfika viwikoni, wifi yake alipoingia uani bila hodi.

"Wifi, acha nguo. Kuna biri kwenye meza ya kaka kiwandani."

"Meza ya kaka yako ina vumbi la miezi mitatu."

"Ndiyo maana nimekuja mbio. Ni moja tu, bado mbichi. Nyapara anataka uionje kabla jua halijazama."

Akajifuta mikono kwenye kanga. Ndani, kitindamimba wake alikuwa akikohoa. Kikohozi kilianza siku ya maziko ya baba yake, na dawa zote zilikuwa zimegonga mwamba.

Kiwanda kilikuwa nyuma tu ya ukuta wao. Humo marehemu alisokota biri miaka kumi na saba, na yeye mkewe akizionja. Inayofaa sandukuni, isiyofaa tanuruni.

Pale mezani, biri ile ilikuwa nene, jani lake la nje jeusi kama kahawa iliyoungua. Akaibonyeza. Imara, haina uvimbe. Akainusa: ngozi, udongo uliolowa, na...

Tangawizi.

Ni mumewe peke yake aliyefunga kichwa cha biri kwa ulimi, tangawizi mdomoni, nyapara afoke asifoke.

"Labda mtu anafanya mzaha," wifi alinong'ona.

"Mzaha wenye mate yake?"

Akakata kichwa, akawasha. Moshi ulikuja mzito, mtamu kama sukari guru, kisha uchungu kidogo pembeni mwa ulimi. Jivu jeupe, halidondoki. Hakuwahi kuonja nzuri kama ile. Akaiweka kwenye kisahani, apumzishe ulimi.

Moto wa biri ukakolea.

Hakuna aliyeivuta.

Ng'ambo ya ukuta, mtoto akakohoa. Moto ukafifia, naye akanyamaza. Moto ukakolea tena... akakohoa tena, kirefu, kama anayenyang'anywa pumzi.

Hapo akaelewa. Kwa desturi ya kiwanda, biri ya mwisho ya msokotaji aliyefariki haionjwi, hutupwa tanuruni. Yeye aliiiba ya mumewe siku ya maziko, akaivuta nyuma ya jiko mpaka ikamuunguza vidole, akauambia moshi: "Nzuri, baba. Usiondoke."

Hakuondoka.

"Ipoje, mama watoto?"

Sauti ilitoka kwenye moshi, ndogo, yenye hamu, kama kila jioni ya uhai wake. Na kila jioni alimjibu: nzuri. Hata zilizopinda alimwambia nzuri.

Mtoto alikohoa. Safari hii hakupumua baada ya hapo.

"Haifai," alisema.

"Hata kidogo?"

"Haifai, baba. Nenda kapumzike."

Akaitupa tanuruni kwa mkono wake, akauegemea mlango wa chuma uliomchoma bega, mpaka kilichokuwa kikikwaruza ndani kikatulia.

Ng'ambo ya ukuta mtoto alivuta pumzi, akaanza kulia njaa.

Jioni ile alipakua chakula, mwiko mmoja kila bakuli. Kitindamimba alikula, akaomba nyongeza, bila kukohoa hata mara moja. Mama akawahesabu kama desturi yake: watoto watatu, wifi, yeye. Watano.

Mabakuli yalikuwa sita.

"Mama," kitindamimba aliuliza, "nani anatafuna tangawizi?"

Wifi aliacha kula.

"Kula, chakula kinapoa," mama alisema. Akahesabu tena, polepole. "Wote wapo."

Akalifunika bakuli la sita.