Macho Kwanza, Kichwa Baadaye

Mume alipoitwa mezani, kichwa chake kiligeuka, macho yakabaki dirishani. Yakakawia hapo, halafu yakafuata taratibu, kama ndoo inayovutwa kwa kamba.

Mkewe hakushtuka. Kazi yake ilikuwa kuwafanyisha mazoezi wagonjwa walioumia kichwa, na huyu mumewe, fundi rangi, alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akipaka ukumbi mtupu. Kwa mtu mwenye afya, macho hurukia kitu kwanza, kichwa huja nyuma. Kichwa kikifika, ubongo huyarudisha macho katikati ili kitu kisiyumbe. Basi, ubongo wa mumewe ulikuwa umesahau zamu.

"Huyu si mwanangu," mama mkwe alinong'ona jikoni. "Ananuka kisima."

"Mama, mambo ya ubongo niachie mimi."

Kila asubuhi alimkalisha kitini, akainua kidole: macho kwanza, kichwa baadaye. Shingo ililia kama bawaba kavu. Alipokosea alimfokea, maana subira hakujaliwa. Na mume, ambaye zamani angemtania kuwa ameoa askari, alitii kimya. Mwishowe akaweza, safi kabisa.

Lakini harufu ya kisima haikutoka, ikaingia kwenye mito, kwenye mkate, kwenye nywele za mke mwenyewe, na utani haukurudi, wala ule mluzi wake wa bafuni ambao mkewe alimwomba mara ngapi sijui, hata mchana mmoja alipompa brashi ya rangi na kumwona akiigeuzageuza kama kitu kilichookotwa njiani, akaenda kumpigia magoti mama mkwe amwite mganga.

Mganga aliwaeleza mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba jini ndani ya mtu ni kama mgeni kwenye nyumba yenye giza: shingo ataipata, macho yatamshinda. Angemwita mume kwa nyuma. Shingo ikitangulia, angemtoa jini. Bila alama hiyo hamgusi mtu, kwa kuwa dawa yake humuua asiye na jini.

Mke akainua mkono kumzuia. Kabla hajafungua mdomo, mganga alishaita.

Macho yakaruka. Kichwa kikafuata. Macho yakarudi katikati.

"Mzima huyu," mganga akasema, akafunga mkoba. Mke alimng'ang'ania mkono, akamweleza nani aliyemfundisha. Mganga akamwangalia kwa huruma, akamshauri alale.

Mlango ulipofungwa, mume akageuka, vilevile alivyofundishwa.

"Ahsante, mwalimu," akasema. "Sasa nifundishe ule mluzi."