Ujumbe wa Mzee Philbert

Jumatano, saa tisa alasiri. Chumba cha nyuma cha duka la vipuri, Bukoba.

Buberwa alichora kwa chaki sakafuni: ghala la vanila la Izimbya, lango, barabara ya kutorokea hadi Muleba. Katoni kumi na mbili. Dakika saba. Joackim, dereva, angekata nyaya za mnara wa simu, kijiji kizima kikose mtandao.

Avit ndiye aliyetengeneza king'ora cha ghala lile, kisha akafukuzwa kazi. Hasira hasara, ila nani alimwambia? Mlinzi ana simu yenye kitufe; akikibonyeza, taarifa inakwenda kwenye seva mjini, na polisi wanaarifiwa. Sharti la Avit lilikuwa moja. Mlinzi huyo, mzee Philbert, ni baba mzazi wa mkewe, Evelyne. Asiguswe.

Buberwa alipasua tunda la kahawa, akampa Avit buni moja, ya pili akaitafuna mwenyewe. Kwa Wahaya hicho ni kiapo cha udugu.

"Mkweo ni mkwe wangu," alisema.

Na Avit akaamini, mjinga yule!

Alhamisi, saa nne asubuhi. Izimbya.

Mtandao ulikatika. Waliingia wamefunika nyuso. Avit alikiona kidole gumba cha mzee kikibonyeza kitufe kabla hajainua mikono. Hakuna kilicholia.

Avit aliagizwa asifungue kinywa. Lakini ukweni ni ukweni. Tangu aoe hajamsemesha mzee yule bila heshima ya kumwita Tata, yaani baba, na ulimi ukamponza.

"Tata, lala chini, tafadhali."

Mzee aliinua uso. "Avit?"

Buberwa hakungoja la pili. Panga lilishuka shingoni, likashuka tena. Damu iliruka hadi kwenye katoni. Avit alianguka magotini akimshika mzee kichwa. Buberwa akamkwida shati, akamwinua. Amekutaja jina, alimwambia, ulitaka tuozee jela wote?

Saa nne na nusu. Njiani.

Buberwa alikuwa ameichukua simu ya mzee. Kitu kizuri hakitupwi, alisema. Kiooni paliandikwa: Inasubiri mtandao. Akamgeuzia Avit.

"Hii imekufa?"

Avit alijua alivyoiunda. Simu ile haigandi ikingoja seva ijibu. Inaiweka taarifa kwenye foleni na kuendelea na kazi zake. Mtandao ukirudi, hata kesho kutwa, inaituma, pamoja na mahali simu ilipo saa hiyo. Aliiunda hivyo kwa sababu mtandao wa vijijini una kwikwi. Neno moja tu lingewaokoa wote watatu. Mikono yake ilikuwa bado na damu ya mkwewe.

"Imekufa," alisema.

Walipomaliza kupanda kilima, wakaingia eneo la mnara mwingine, vijiti vya mtandao vilirudi kwenye simu ya Avit mwenyewe. Akaifunika kwa kiganja.

Saa tano na dakika ishirini. Muleba.

Magari ya polisi yalikuwa yameziba barabara. Joackim alikanyaga mafuta. Risasi zilipasua kioo, akalalia usukani, gari likazama migombani. Buberwa alitoka akifyatua bastola. Hatua tatu, akaanguka. Avit alilala kando yake, paja limetobolewa.

"Ulisema imekufa," Buberwa alikoroma.

"Na wewe ulitafuna kahawa."

Buberwa akakata roho. Polisi walimfunga Avit pingu. Simu ya mzee, iliyomdondoka Buberwa, ilitetemeka juu ya majani makavu. Jibu la seva nalo lilikuwa limekaa foleni:

Tumepokea, mzee Philbert. Vumilia, tunakuja.

Avit akaangua kilio. Aliwaomba askari jambo moja tu, aachwe amwambie Evelyne habari ya baba yake kwa kinywa chake mwenyewe.