Vituo Tisa vya Nyuma ya Reli

Kila ilipotimia saa kumi na mbili asubuhi, maji ya jiji la Manyoni yalimsubiri mtu mmoja abonyeze kidole.

Mtu huyo hakuhitaji kwenda popote. Aliketi kitandani kwake, mtaa wa Nyuma ya Reli, chai ya rangi pembeni, na kwenye kifundo cha mkono wake kikuku cheusi chembamba. Alipobonyeza, kikuku kilisoma mapigo ya moyo wake na joto la damu yake, kikahakikisha kwamba yu hai na yu macho, kisha kikaupeleka muhuri wake kwenye vituo mia mbili na kumi na vinne vilivyotapakaa nyikani na mjini. Ndani ya kila kituo mlikuwa na seva, sanduku la chuma lenye ukubwa wa kabati la vyombo, na ndani ya seva mliandikwa mfululizo wa amri: fungua lango, pima chumvi, sukuma maji, punguza kasi, funga. Mafundi waliuita mfululizo huo uradi, kwa kuwa ulisomwa vilevile kila siku bila kuruka neno. Seva haikuusoma uradi mpaka ipate muhuri hai. Ilipoupata, pampu zilinguruma, na watu milioni mbili katika nchi kame wakaoga.

Hapo zamani mafundi walitumia maneno ya siri. Maneno yakaibwa, yakauzwa, mengine yakabandikwa ukutani na wenyewe wasije wakayasahau. Ndipo ukabuniwa muhuri hai. Halafu wezi wakamlevya fundi mmoja wa umeme kwa dawa ya usingizi, wakabonyeza kwa kidole chake, na mji mzima ukalala gizani. Tangu siku hiyo vikuku vikatengenezwa vikatae damu yoyote yenye dawa ya kulaza au ya kutuliza maumivu makali. Sheria hiyo ilikuwa nzuri, na kila mtu aliisifu.

Mwenye kidole aliitwa Mrisho Kapalata. Aliingia Shirika la Maji akiwa mchimba mitaro, akasoma shule ya jioni akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, akajifunza seva peke yake kwa vitabu vya kuazima. Wenye vyeti walimwita Fundi Koleo. Kwa miaka kumi na tisa akaandika uradi wa vituo vyote, kimoja baada ya kingine, na hakuna hata mmoja wa wale wenye vyeti aliyeweza kuusoma bila kumwuliza.

Kanuni ilitaka kila uradi uwekwe chini ya muhuri wa ofisi, unaoshikwa na watu watatu, ili mmoja akiondoka wawili wabaki. Kuuomba kulikuwa na fomu ya kurasa kumi na moja na saini za watu waliomcheka. Mrisho akaweka jina lake mwenyewe. Binti yake Nyamizi, aliyekuwa fundi wa seva katika Shirika hilohilo, alimwambia mara nyingi.

"Baba, siku ukiugua itakuwaje?"

"Nitaugua nikistaafu."

"Baba!"

"Mwenye kiu apige hodi kwangu, Nyamizi. Waliniona wa koleo. Sasa wapige hodi."

Mwaka 2134 saratani ikapanda uti wa mgongo wake, na waliokuja kupiga hodi wakamkuta hospitali.

Shirika lilimpa chumba cha peke yake, kwenye hospitali ya mtaa wa Bustani, mtaa wa wakubwa. Kabla ya kupewa kitanda, yeye na Nyamizi walibonyeza fomu ya kumkabidhi Mkurugenzi haki zote za matibabu yake. Juu ya kitanda palining'inia mkono wa dawa, mtambo wa chuma wenye viungo vitatu na sindano nchani, unaochoma kwa amri ya mwenye haki na si ya mwingine. Mkurugenzi, Bwana Eliakimu Lwoga, alikuja na kapu la zabibu, akamkuta Nyamizi ameketi kando ya kitanda.

"Shikamoo, Mzee Mrisho."

"Marahaba. Huyo hapo juu mbona hafanyi kazi? Mgongo unaniwaka."

"Ndiyo niliyokuja kusema, Mzee. Akikuchoma mara moja tu, muhuri wako unakataliwa siku nne."

"Na mimi nina siku ngapi?"

Lwoga akaziangalia zabibu. "Daktari anasema juma moja. Pengine pungufu."

Wote watatu walikuwa watu wa seva, hawakuhitaji kufafanuliwa. Kituo kikikosa muhuri wa Mrisho kwa asubuhi moja kingefunga malango, na seva yake isingekubali mtu mwingine. Ingebidi ing'olewe na kuagizwa mpya, kazi ya miezi minane. Njia pekee ilikuwa kubadili jina katika kila seva, kutoka la Mrisho kwenda la ofisi, naye akiwa hai, akiwa macho, akiwa hana dawa.

"Tubadili kimoja, hicho kiviambie vingine," Lwoga alisema.

"Haiwezekani," Nyamizi akajibu. "Muhuri hai huvuka mlango mmoja tu. Ukitoka kwenye kikuku ukaingia seva ya kwanza, hiyo ya kwanza haiwezi kuubeba kwenda ya pili. Mgeni haji na mgeni. Ni kimoja kimoja, na kila kimoja kinamtaka Baba abonyeze mara tatu. Dakika kumi na moja kwa kituo."

"Siku ngapi?"

"Tano."

Mrisho akafumba macho. "Siku tano bila sindano."

"Jina ni lako mwenyewe, Mzee," Lwoga alisema kwa upole. "Hatukukulazimisha kuliandika." Akamkabidhi Nyamizi orodha ya vituo, imepangwa kwa namba za wino mwekundu, akasisitiza ifuatwe kama ilivyo.

Nyamizi akaifuata. Hospitali kwanza, hilo hakuna ambaye angelipinga. Kisha ofisi za serikali, kisha Bustani yote na mabwawa yake ya kuogelea. Aliona kwamba mtaa wao ulikuwa mkiani, lakini aliona pia kwamba muda ulitosha vyote, na mkia wa ng'ombe ni ng'ombe vilevile.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko hesabu yake. Kikuku kilikataa moyo unaokwenda mbio, kwa kuwa mapigo ya namna hiyo ni ya mtu aliyetishwa. Maumivu yalipopanda, moyo wa Mrisho ulikimbia, na Nyamizi alilazimika kungoja. Yaliposhuka, baba alisinzia kwa uchovu, na hapo hakuna kungoja: ilibidi aamshwe, kwa kuwa nafuu ile ilidumu dakika chache.

"Baba. Baba, bonyeza."

"Nilipokuwa nakuamsha uende shule ulinitukana kimoyomoyo."

"Sikukutukana."

"Ulinitukana, nilikuwa naona mdomo. Haya, lipiza." Akabonyeza.

Siku ya pili hakutania tena. Siku ya tatu, kwenye kituo cha mia moja na kumi na tisa, aliushika mkono wa binti yake kwa nguvu ambayo Nyamizi hakujua kama bado anayo.

"Mwambie Lwoga anichome."

"Baba, tumefika katikati."

"Maji yaishe. Watu walikuwepo kabla ya bomba. Nyamizi, mimi ni baba yako, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Nyamizi akatoka nje ya chumba akampigia Mkurugenzi. Sura ya Lwoga ikajitokeza hewani, anakula.

"Watu milioni mbili, Nyamizi. Utawaambia nini? Kwamba baba yako aliumwa?"

"Wewe njoo umsikie."

"Nikimsikia nitamhurumia, na nikimhurumia watu watakufa kwa kiu. Rudi kazini, mama."

Akarudi. Baba alikuwa amesinzia, mdomo wazi, meno makavu. Alimwita, hakuitika. Akamfinya sikio. Akammwagia maji shingoni. Mwisho akampiga kofi. Mrisho akafumbua macho akamtazama kama anavyotazamwa mtu wa kabila jingine, kisha akabonyeza, moja, mbili, tatu, na chozi likamtoka jicho moja tu.

Nesi Pendaeli, aliyekuwa akikunja shuka mlangoni, akasema bila kupandisha sauti, "Miaka ishirini nauguza. Sijaona mtoto anayemnyima baba yake usingizi."

"Nenda kamwambie Mkurugenzi."

"Nimekwenda. Kaniuliza bomba la kwetu linatoka kituo gani." Akaendelea kukunja. "Nikanyamaza, dada. Nina wajukuu."

Kofi la pili lilikuwa jepesi kulipiga kuliko la kwanza, na la kumi Nyamizi hakulihesabu tena.

Siku ya tano, saa tatu na nusu asubuhi, kituo cha mia mbili na tano kikakubali jina la ofisi. Nyamizi akaiangalia orodha. Mrisho alikuwa macho, uso umebaki mifupa.

"Vimebaki vingapi?"

"Tisa, Baba."

"Vya wapi?"

"Kwetu."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya pili, Mrisho akacheka, kicheko kikavu kilichomwumiza. "Fundi Koleo anarudi nyumbani. Niinue, nikae kitako. Vya kwetu sivibonyezi nimelala."

Alimwinua, akamwegemeza kwa mito. Kituo cha kwanza cha Nyuma ya Reli kikafunguka. Mrisho akabonyeza mara moja, kikuku kikawaka kijani. Wakangoja dakika zinazotakiwa. Akabonyeza mara ya pili. Kijani. Mlango ukafunguliwa, akaingia Lwoga katika suti ya rangi ya majivu.

"Vimebaki vingapi?"

"Tisa, Bwana Mkurugenzi. Saa mbili hazifiki."

"Vya wapi hivyo?"

"Nyuma ya Reli."

"Aa." Lwoga akatazama saa. "Basi imetosha. Wakaguzi wa hospitali wanafika saa tano. Sitaki wamkute mgonjwa wa Shirika analia bila dawa. Mzee, pole sana. Sasa upumzike."

Mrisho akadhani hakusikia vizuri. "Tisa, Lwoga. Tisa tu."

"Tutawapelekea boza la maji."

"Watu elfu arobaini, boza?"

"Mawili, basi."

"Niache niumie. Nimetaka mwenyewe. Niache mpaka saa tano na nusu, kisha nichome hata mara kumi."

"Kukuacha uumie ni ukatili, Mzee. Huu ni ubinadamu."

"Juzi nilikulilia! Ubinadamu ulikuwa wapi juzi?"

"Juzi kazi ilikuwa haijaisha."

"Na sasa imeisha?"

"Imeisha," Lwoga alisema, akainua kifundo chake. Naye alikuwa na kikuku, cha dhahabu. Akabonyeza.

Mkono wa dawa ukakunjuka kutoka darini bila sauti. Nyamizi akasimama kati yake na kitanda, akakishika kiungo chake cha katikati kwa mikono miwili. Mtambo ukapima uzito wake, ukamsogeza kando kwa adabu kama mtu anayesogeza pazia. Mzee aliyeiomba sindano ile siku nne mchana kutwa sasa aliificha mikono yote miwili chini ya mgongo wake unaowaka, akibana meno, macho kwenye kikuku kilichosubiri mara ya tatu. Mtambo haukubishana naye. Ukatafuta paja.

"Bonyeza, Baba! Bonyeza!"

Akautoa mkono. Kidole kilipogusa, kikuku kikawaka chekundu.

Akakibonyeza tena, na tena, polepole zaidi kila mara. Halafu uso ukalainika, mikunjo ikalala, na kwa muda alifanana na picha yake ya ujana, yule mchimba mitaro aliyeshika koleo begani.

"Umeona?" Lwoga alisema. "Amepata usingizi. Ungekuwa mtoto mwema ungenishukuru."

Mrisho hakuamka. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi vituo tisa vilisubiri muhuri wake, vikaukosa, vikafunga malango. Siku ya tatu mchana akafa, na gari la Shirika, lisilo na dereva, likamleta nyumbani Nyuma ya Reli, likamshusha mlangoni na kugeuza.

Boza lilikuwa limekuja mara moja, siku iliyotangulia, likapiganiwa kwa ndoo mpaka mtoto mmoja akavunjika mkono. La pili lilikuwa njiani, kila aliyepiga simu Shirika aliambiwa hivyo. Waliokuja msibani walikuja midomo imepauka. Shehe Kitwana, imamu wa msikiti wa mtaa, aliuliza maji ya kumwoshea maiti. Yakaletwa madumu mawili, ya lita tano kila moja. Moja la mama aliyejifungua usiku ule, jingine la mgonjwa wa figo. Shehe akayatazama, akayarudisha kwa wenyewe.

"Walio hai wana haki zaidi," alisema. "Dini ina njia. Tutamtayamamisha, vumbi safi badala ya maji."

Wanaume wakaingia na maiti chumbani, wakashusha pazia. Nyamizi akabaki uani na wanawake, juu ya jamvi. Mmoja wao, Bi Mwanahawa, jirani wa ukuta kwa ukuta, akasogea karibu naye.

"Wanasema maji yote haya yalikuwa kwa jina la baba yako."

"Ndiyo, mama."

"Na wanasema wewe ndiye uliyekuwa naye kule, unabadilisha. Bustani wanayo. Nimeona kwa macho yangu, wanamwagilia nyasi."

"Ndiyo."

"Siku tano." Bi Mwanahawa akailamba midomo yake. "Niambie mwanangu, wala sikugombezi, nataka kujua tu. Ulianza kwa nani?"

Nyuma ya pazia Shehe Kitwana akapiga viganja vyake vyote viwili kwenye vumbi, mara moja, kwa ajili ya uso.

"Nilipewa orodha," Nyamizi alisema.

"Sikukuuliza ulipewa nini."

Viganja vikapigwa tena, kwa ajili ya mikono.